Kamba wako watasubiri kidogo

Uyole, Mbeya
Julai

Mpendwa ndugu yangu Lwitiko,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu, ambako baridi ya mwezi huu imetufanya sote tuwe watu wa kuota moto. Nimepata habari kwamba tangi la kufugia umeshalijaza, mimea umeshaipanda, na unachongojea sasa ni kamba wangu wekundu wapande basi la Iringa. Niwie radhi, kwani sitawatuma mwezi huu.

Maji yako ni maangavu, hilo sibishi, lakini bado ni machanga. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa kamba, na bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati ambayo mimea huitumia, huhitaji wiki nne hadi sita kujijenga, na penye baridi huchelewa zaidi. Bakteria hao wengi wao hukaa katika sponji ya kichujio; kwa hiyo ikichafuka, ikamue katika maji uliyoyachota tangini, wala usiisuuze bombani, kwa sababu klorini itawaua.

Baridi yenyewe isikutishe. Asili ya kamba hawa ni China na Taiwan, na tangi langu husoma nyuzi 17 asubuhi bila wao kudhurika, ila kuzaana ndiko hupungua.

Kilichonitia hasara mwaka jana kilikuwa ndoo. Kaka yangu alikuwa ameitumia kuchanganyia dawa ya kopa, yaani shaba, ya kunyunyizia kahawa. Nami nikaisuuza mara tatu, nikaona inatosha, nikabadilisha maji ya tangi kwa ndoo hiyohiyo. Samaki waliendelea kuogelea kana kwamba hakuna jambo, lakini kamba walianza kukimbia huku na huko, wakapanda juu ya maji, na kufikia jioni walikuwa wamelala ubavu juu ya mchanga, zaidi ya arobaini. Shaba ambayo samaki huivumilia huweza kummaliza kamba. Tangu siku hiyo ndoo ya tangi ina utambaa mwekundu mpinini, na shemeji hunicheka kila anapouona.

Umesema unatumia maji ya mvua matupu. Hayo karibu hayana madini, na kamba anayejivua gamba anahitaji kalisi; akiikosa, gamba humpasukia mduara shingoni naye hushindwa kutoka. Changanya na maji ya bomba yaliyolala, na utie maganda ya mayai yaliyochemshwa na kupondwa. Gamba alilolivua liache, atalila mwenyewe.

Mmea wako wa anubiasi usiufukie shina lake nene, litaoza. Ufunge kwa uzi kwenye jiwe.

Ukiuziwa wale kamba wakubwa waliopata umaarufu kupitia Mjapani Takashi Amano, mpambaji wa matangi ya mimea, wanunue kwa ajili ya kula mwani tu, kwani viluwiluwi wao huhitaji maji ya chumvi. Hawa wangu huzaliwa wakiwa wamekamilika. Jana usiku nilimulika tochi nikamwona jike mmoja akiwa na mayai chini ya tumbo, akiyapepea kwa vijiguu bila kupumzika, na ndani ya kila yai vidoa viwili vyeusi vya macho vilikuwa vimeshaonekana.

Karatasi ya kupimia itakapoonyesha amonia na nitriti vyote ni sifuri kwa wiki nzima, nijulishe. Nitawafunga kumi na watano katika mfuko wenye kipande cha mmea wa majini uitwao mosi, cha kushikilia, na kumkabidhi konda wa basi la alfajiri.

Ndimi,
Tumpe