Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi: Ukenekaji, Asili ya Neno na Maana Zake

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu wapenzi,
Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Skuli,
Masheha, wazee wetu na wanafunzi wenzetu,

Assalaamu alaykum.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujaalia uzima na kutukutanisha hapa Chake Chake katika siku hii ya maonesho ya sayansi ya skuli yetu. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuukubali mwaliko wetu licha ya shughuli nyingi za kitaifa ulizonazo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, risala za skuli zimezoea kuanza na madawati na kumalizia na uzio. Sisi wanachama wa Klabu ya Sayansi tumeomba ruhusa kwa Mwalimu Mkuu, naye akaridhia, risala ya leo izungumzie jambo moja la kitaaluma ambalo ndilo lililobeba meza yetu ya maonesho, nalo ni ukenekaji. Darasani tunalisoma kwa Kiingereza kwa jina la "distillation", na maana yake tunaikariri kwa ajili ya mtihani: kuchemsha kimiminika mpaka kiwe mvuke, kuupoza mvuke huo mpaka urudi kuwa kimiminika, kisha kukikinga kinachodondoka. Maana hiyo ni sahihi wala hatuna ugomvi nayo. Kinachotusikitisha ni kwamba mtoto wa Pemba huikariri kana kwamba ni habari ya nchi za mbali, ilhali makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, aliyoyakonyoa jana usiku pamoja na bibi yake juu ya jamvi yanakwenda kukenekwa Wawi, mwendo mfupi kutoka hapa tulipokaa.

Neno lenyewe limetokana na Kilatini. "Stilla" ni tone, na "destillare" ni kudondoka tone kwa tone. Warumi hawakulitumia kwa mitambo. Celsus, aliyeandika juu ya utabibu katika karne ya 1, alilitumia kwa maradhi ya mafua, kwa kuwa matabibu wa zama zile waliamini kwamba kuna majimaji yanayoshuka kutoka kichwani na kudondokea puani, kooni na kifuani. Kwa hiyo neno hili, ambalo leo linatupeleka moja kwa moja maabara, lilianzia puani mwa mgonjwa. Hata baadaye, wanakemia wa Ulaya ya zama za kati walipolichukua, walilitandaza kuliko tunavyolitandaza sisi. Walikuwa na ukenekaji wa kupanda, ambao ndio huu wa mvuke. Wa kushuka, ambapo kitu hutiwa moto na majimaji yake yakachuruzika chini. Na wa kuchuja, ambapo kitambaa huning'inizwa ukingoni mwa chombo kikanyonya na kudondoshea upande wa pili. Kilichowashughulisha ni tone, bila ya kujali limefikaje. Maana ya kuchemsha na kupoza pekee ndiyo iliyobakia baada ya nyingine kupewa majina yake.

Kazi yenyewe ni kongwe kuliko jina hilo. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya kuzaliwa Nabii Issa, alieleza kwamba maji ya bahari yakigeuka mvuke kisha mvuke ule ukarudi kuwa maji, hupatikana maji matamu. Baada yake, katika mji wa Alexandria nchini Misri, wanakemia walioandika kwa Kigiriki walitengeneza vyombo vyenye kifuniko maalumu cha kuupokea mvuke, nacho wakakiita "ambix", yaani kikombe. Waarabu wakakitia "al" mbele kikawa "al-anbiq", na Wazungu walipofasiri vitabu vya Kiarabu wakakichukua pamoja na hiyo "al" yake, wakaandika "alembic". Chungu cha chini kilichotiwa kitu cha kuchemshwa Waarabu walikiita "qar'", nalo ni jina la boga, kwa umbo lake.

Mheshimiwa, hapa tunaomba tukawie kidogo, kwa sababu sehemu hii vitabu vyetu vya kiada huiruka. Al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad wa karne ya 9, anajulikana kwa kitabu kinachohusu kemia ya manukato na ukenekaji, na tabibu Al-Razi, aliyezaliwa karibu na mwaka 865, alivieleza vyombo vya kazi hii kwa uangalifu wa fundi. Waliohitaji elimu hii walikuwa watabibu na wauza manukato. Marashi ya mawaridi yaliyokuja kunyunyizwa kwa mrashi katika maulidi na harusi zetu, na yanayotiwa katika halua, ni zao la ukenekaji. Kiarabu kilitumia "taqtir", kudondosha, na "tas'id", kupandisha. Jina moja linatazama tone linaloshuka na la pili mvuke unaopanda, na kwa maoni yetu mawili hayo kwa pamoja yanaeleza zaidi kuliko lile moja la Kilatini. Kutoka lugha hiyo hiyo limekuja "araq", jasho, kwa kuwa matone hujikusanya chomboni kama jasho usoni, na ndilo lililotupa araki, jina la kileo kikali. Wanja nao umo. "Al-kuhl" ni wanja, unga laini kabisa; Ulaya jina hilo likapanuka mpaka likawa na maana ya kiini cha kitu kilichosafishwa, na katika karne ya 16 tabibu Paracelsus akalitumia kwa kiini cha mvinyo. Hivyo ndivyo wanja ulivyozaa neno alkoholi.

Sasa tunarudi nyumbani. Kiwanda cha mafuta ya makonyo kilichopo Wawi, chini ya Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar (ZSTC), hufanya kazi kwa mvuke. Makonyo hujazwa katika pipa kubwa la chuma, mvuke ukapitishwa ndani yake kutoka chini, ukatoka juu umebeba mafuta na kwenda kupozwa katika mabomba yanayozungukwa na maji baridi. Mwanafunzi makini lazima aulize: sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eugenoli, na eugenoli huchemka kwenye nyuzi joto 254 za Selsiasi, inawezekanaje itoke na mvuke wa nyuzi 100? Jibu ni kwamba maji na mafuta hayachanganyiki, na kila kimoja hutoa mvuke wake bila ya kumjali mwenzake. Kanieneo, yaani msukumo, ya mvuke wa maji ikijumlishwa na ile ndogo ya mvuke wa mafuta, jumla yake huifikia kanieneo ya hewa kabla hata ya nyuzi 100. Mafuta hutoka taratibu bila ya kuungua.

Mezani kwetu utaona jambo hilo kwa kiasi kidogo. Tumetumia sufuria yenye mfuniko uliobana, kipande cha bomba la shaba na ndoo ya maji baridi. Kinachodondoka mwanzo ni cheupe kama tui jepesi, kwa kuwa vijitone vya mafuta bado vimetawanyika ndani ya maji. Ukikiacha kitulie, hujikusanya mafuta ya rangi ya manjano, nayo huzama chini. Wageni wengi wametubishia wakisema mafuta huelea. Ya mchaichai huelea kweli, na tumeyaweka pembeni ili ulinganishe. Ya karafuu na makonyo ni mazito kuliko maji. Mafuta hayo ndiyo yanayotoa eugenoli ambayo madaktari wa meno huchanganya na zinki oksaidi kuzibia jino kwa muda.

Hatutaki kuficha kwamba baadhi ya wazazi walishtuka waliposikia watoto wao wanakeneka skuli, kwa sababu mtaani neno hili lina jamaa yake mbaya, ambaye ni gongo. Tuliwaeleza wazi. Methanoli, ambayo ni sumu na hupofua macho, huchemka kwenye nyuzi 65, na ethanoli kwenye nyuzi 78. Tofauti hiyo ni ndogo mno kwa mtu mwenye sufuria na bomba kuitegemea. Anayeijua kemia hii vizuri ana sababu ya ziada ya kujiweka mbali na gongo, na hakuna mzazi aliyemtoa mtoto wake katika klabu baada ya maelezo hayo.

Kwengineko ukenekaji umekuwa mkubwa kuliko walivyoweza kufikiri watu wa Baghdad. Mafuta ghafi ya petroli hutenganishwa katika minara mirefu, gesi na petroli zikatoka juu, mafuta ya taa na dizeli katikati na lami ikabaki chini. Hewa nayo hupozwa mpaka iwe kimiminika, kisha ikatenganishwa kwa kuwa naitrojeni huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri na oksijeni kwenye 183 chini ya sifuri. Sehemu ya oksijeni inayotumika hospitalini duniani hupatikana kwa njia hiyo.

Neno lenyewe halijaacha kutembea. Mwaka 2015 watafiti Geoffrey Hinton, Oriol Vinyals na Jeff Dean walilitumia katika elimu ya kompyuta kwa njia ya kuifunza programu ndogo iige majibu ya programu kubwa, ili ndogo ifanye kazi karibu sawa na kubwa kwa gharama nafuu. Sisi tunaona sitiari hiyo ni nzuri lakini imelegea kidogo. Makonyo yakishakenekwa hubaki makapi, wakati programu kubwa baada ya "kukenekwa" hubaki nzima na maarifa yake yote. Kwa hilo inakaribia zaidi mwalimu na mwanafunzi kuliko mvuke na bomba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya maelezo hayo tuna maombi. Maabara yetu haina kondensa ya kioo, yaani bomba la kupozea mvuke, na wanafunzi wanaofanya mtihani wa vitendo huiona kwa mara ya kwanza katika mchoro. Sufuria na bomba vinaonesha mafuta, lakini havioneshi mvuke unapogeuka tone, na hilo ndilo jambo lenyewe tunalofundishwa. Tunaomba utusaidie kupata seti moja ya vyombo vya kukenekea vya kioo pamoja na kipimajoto chake. Pia tunaomba utuombee kwa wahusika ziara ya mafunzo ya kila mwaka katika kiwanda cha Wawi kwa wanafunzi wa Kidato cha Pili, wakati wa msimu wa makonyo, mitambo ikiwa inafanya kazi. Na kwa kuwa somo letu hufundishwa kwa Kiingereza, tunaomba walimu watiwe moyo kutaja na istilahi za Kiswahili zilizokwishasanifiwa, kama keneka na ukenekaji, ili mwanafunzi akirudi nyumbani aweze kumweleza bibi yake makonyo yao yanafanywa nini.

Baada ya risala hii tunakukaribisha mezani, ambako sufuria imeshawekwa jikoni.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Sayansi,
Chake Chake, Pemba.