Usilipe Kwanza, Hamza

Tanga,
Jumapili usiku

Ndugu yangu Hamza,

Salaam aleikum. Salamu za watoto, za mama Hawa na za barazani zote utazikuta chini, maana mkono unaniwasha kwa jambo moja tu: hiyo sahani ya muziki unayotaka kununua. Usilipe. Kama umeshalipa, usiiweke kwenye mashine yoyote mpaka umalize kusoma.

Picha uliyoniletea umeipiga kama mtu aliye juu ya bodaboda. Ninachokiona ni duara la rangi ya chungwa, kidole gumba chako, na nusu ya jina la wimbo, "That's". Unasema jirani yako hapo Houston anauza vitu vya marehemu babake, na mtu "anayejua" amemwambia kuwa hiyo ndiyo Elvis Presley ya kwanza kabisa, ya kampuni ya muziki ya Sun, tena toleo adimu la rangi. Na kwa ujirani mwema anakupunguzia hadi dola 900. Ujirani mwema wa namna hiyo hata Chande hakuwahi kuufanya, na Chande unamjua.

Sasa sikiliza. Sahani za Elvis zilizotolewa na Sun zilikuwa nyeusi. Zote. Ukikuta ya chungwa, ya kijani, ya bluu, au ile ya kuona mpaka upande wa pili, yenye lebo ya Sun (ile karatasi ya katikati), ujue ni ya kughushi au ni marudio ya miaka mingi baadaye. Muuzaji akuapie kwa msahafu, haibadiliki. Lakini ngoja kwanza, usiirudishe haraka, maana rangi hiyo hiyo inaweza kuwa habari njema. Nitafika huko.

Sun ya kweli ni namba 209. Ilianza kurekodiwa Jumatatu tarehe 5 Julai 1954 kwenye studio ya Sun, 706 Union Avenue, Memphis, ikatoka tarehe 19 mwezi huo huo. Upande mmoja "That's All Right", upande wa pili "Blue Moon of Kentucky". Lebo yake ni ya manjano, maandishi ya kahawia, kuna jogoo na miale ya jua, noti za muziki zimezunguka ukingoni, na chini imeandikwa Memphis, Tennessee. Chini ya jina la Elvis wametajwa Scotty na Bill, yaani Scotty Moore wa gitaa na Bill Black wa besi. Namba za upande ni U-128 na U-129. Ilitoka kwa namna mbili: ya inchi 10 inayozunguka mara 78 kwa dakika, na ya inchi 7 ya mizunguko 45, ile yenye tundu kubwa la inchi moja na nusu katikati.

Namna ya kuikagua ni hii. Zima taa ya chumbani, washa ya simu, uilaze pembeni kabisa ili mwanga upite juu ya sahani kama jua la magharibi. Tazama lebo kwanza. Zile 45 zilizofyatuliwa Memphis mara nyingi zina alama tatu za duara zilizobonyea kwenye lebo, zimepangana kama mafiga. Ukiziona, vizuri. Usipoziona, usikate tamaa, kwa sababu Sun walifyatulisha pia kwenye viwanda vya mbali na Memphis na sahani za huko hazina mafiga hayo. Kisha tazama ile sehemu tupu kati ya mwisho wa wimbo na lebo: lazima namba iwe imechorwa au kugongwa humo, isome, ulinganishe na ya kwenye lebo. Halafu maandishi. Wanaoghushi huipiga picha lebo ya zamani na kuichapa upya, kwa hiyo herufi ndogo huvimba na miale ya jogoo hushikana. Tumia kioo cha kukuzia, hata kile cha babu cha kusomea gazeti.

Lakini hayo yote ni ya sahani nyeusi, na yako ni ya chungwa. Nirudi kwenye chungwa.

Wimbo huo, "That's All Right", si wa Elvis. Ni wa Arthur Crudup, aliyeitwa "Big Boy", mtu wa Mississippi, na aliurekodi mwaka 1946 kwa kampuni ya RCA Victor. RCA walipoanza kuuza sahani za mizunguko 45 mwezi Machi 1949, walizipa rangi kwa aina ya muziki: nyeusi za muziki wa kawaida, kijani za kantri, manjano za watoto, nyekundu za klasiki. Muziki wa watu weusi wakaupa rangi iliyo kati ya chungwa na wekundu wa cheri. Na sahani yao ya kwanza katika mfululizo huo, namba 50-0000, ni nini? "That's All Right" ya Crudup! Unaona ninakoelekea? Inawezekana huyo "anayejua" aliona jina la wimbo, akaona sahani ya zamani, akaruka moja kwa moja kwa Elvis. Ikiwa lebo ina RCA Victor na hiyo namba yenye masifuri mengi, Hamza, una mkononi kitu kilichotangulia Sun kwa miaka 5, na rangi ndiyo uhalali wake. Kwenye Sun rangi inaua, kwenye Crudup rangi inathibitisha.

Bei yake kwa kawaida haifiki ya Elvis. Sun 209 safi huenda kwa maelfu ya dola, Crudup hapana. Mimi ukiniuliza ningeichukua ya Crudup kabla ya hiyo nyingine, lakini hilo ni langu na roho yangu. Crudup alifariki 1974 akiwa bado anadai haki zake za wimbo huo, na watu bado wanalipa bei za Elvis wakimpita yeye mlangoni.

Kuna ya tatu pia, usichanganyikiwe. Novemba 1955 Sam Phillips, mwenye Sun, aliwauzia RCA mkataba wa Elvis kwa dola 35,000, nao wakazitoa upya nyimbo zile zile kwa lebo yao. Hii yetu ikapewa namba 47-6380. Ni ya zamani kweli, ni Elvis kweli, lakini si Sun na bei yake si ya Sun. Kwa hiyo RCA hao hao wakawa na Crudup wa chungwa na Elvis mweusi chini ya paa moja. Cheka kidogo.

Kama lebo imefutika kabisa, kuna njia ya sikio. Crudup wa 1946 ana dramu. Elvis hana: ni gitaa lake la kupiga kwa mkono, gitaa la umeme la Scotty, na besi kubwa la kusimama ambalo Bill analivuta nyuzi na kuziachia zigonge mti, na huo mlio wa "tak, tak" ndio unaofanya kazi ya dramu. Wimbo wenyewe haufiki hata dakika mbili. Nadhani uzuri wa sahani hii uko hapo hapo, kwamba hakuna cha kuficha. Kitu kinachokosekana ndicho kinachoifanya iende mbio. Pindua upande wa pili usikie mwangwi: Sam alikuwa na mashine mbili za tepu, sauti inaingia ya kwanza, ya pili inaichukua na kuirudisha imechelewa kidogo sana, chini ya moja ya tano ya sekunde, kwa sababu kichwa cha kusomea kimekaa mbali kidogo na kichwa cha kurekodia. Ndiyo maana sauti inaonekana ina kivuli. Zamani wimbo huo wa upande wa pili, wa mwimbaji Bill Monroe, ulikuwa waltz (densi ya mapigo matatu) ya polepole, wao wakaubeba na kukimbia nao.

Lakini usijaribu kuisikia kwenye mashine ya jirani! Sindano iliyochakaa, au katriji nzito (kile kichwa kinachoshika sindano) ya zile mashine za sanduku, itachimba michirizi ndani ya mpigo mmoja, na kilichochimbwa hakirudi. Kwa sahani ya 45 ya mono (sauti ya njia moja) ya miaka hiyo, sindano ya ncha ya inchi 0.001 ndiyo inayokaa vizuri. Ya stirio (sauti ya njia mbili) ya 0.0007 itapiga lakini inazama chini na kuokota uchafu. Ya 78 ni nyingine kabisa, inchi 0.003. Ukiitumia hiyo kwenye 45 umeiua. Uzito gramu 2 hadi 4, fuata karatasi ya katriji. Kama mashine ina kitufe cha mono, kibonyeze: michirizi ya mono inacheza kushoto na kulia tu, vumbi linarusha sindano juu na chini, na ukiunganisha pande mbili ile ya juu na chini inajifuta yenyewe. Utashangaa mikwaruzo inavyopungua.

Kusafisha: maji yaliyokenekwa, yale ambayo huku tunayanunua dukani kama maji ya betri, yasiyo na asidi. Matone mawili ya sabuni ya vyombo kwa lita moja, kitambaa laini kisichoacha nyuzi, pangusa kwa kufuata michirizi, usikate kati. Lebo isiguse maji. Suuza kwa maji matupu, isimamishe ikauke kivulini. Spiriti usiipeleke kamwe kwenye sahani ya 78, shelaki (ile utomvu iliyotengenezewa) inayeyuka. Juani au kwenye dashibodi ya gari usiiache, kwa joto la Houston itapinda kama chapati.

Ukiamua kumtumia Fundi Selemani akuangalizie, itoe kwenye kava lake, weka sahani peke yake kati ya kadibodi mbili ngumu, kava liende pembeni. Ikibaki ndani, safarini inapasua kava kwenye mshono.

Basi nijibu, na ujibu kwa picha safi, si ya bodaboda. Lebo ina jogoo au ina RCA? Namba ni ngapi, na kwenye ile sehemu tupu imegongwa nini? Ukiishika mbele ya dirisha mwanga unapita? Tundu ni kubwa au dogo? Huyo "anayejua" ni nani, ndiye aliyemuuzia shemeji yako saa ya dhahabu? Na babake jirani alikuwa mtu wa wapi, maana kama alitoka upande wa Mississippi nitaanza kukosa usingizi? Na zingine kwenye sanduku ni zipi, umeziangalia?

Mama Hawa anakusalimu, mguu umepona. Barazani wanauliza ile jezi.

Wako,
Mwinyi