MALALAMIKO: SETI YA MAIKI NNE ZA WAYALESI MLIYONIUZIA, NA ETI MIMI NDO SIJUI KUSETI

Kwa Meneja,
Duka la Vifaa vya Muziki,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Bosi habari za kazi, poleni na majukumu. Naandika barua kwasababu Watsapu mmeshanichoka, wiki ya pili hii meseji zangu zina tiki za bluu na hakuna anayejibu, na neno la mwisho nililopewa na kijana wenu wa kaunta ni "kaka seti iko poa, wewe ndo hujui kuseti". Hilo neno ndo limenikalisha chini niandike. Kazi ya muziki wa shughuli naifanya mwaka wa tisa sasa, harusi, sendofu, kichen pati, mahafali, misiba, kama kuna kitu sikijui nakubali kufundishwa wala sioni aibu, ila siyo hiki.

Iko hivi. Mwezi uliopita nilikuja dukani kwenu nikanunua ile seti ya maiki nne za mkononi na risiva yake moja, yani kile kiboksi kinachopokea sauti za maiki, laki saba na themanini taslimu, risiti ya EFD ninayo. Kijana akanisifia weee, kwamba inashika mita 80, kwamba ina antena nne kwahiyo haiwezi kukata, na kwamba haina mambo mengi, hakuna cha kuseti, unawasha unaongea. Hilo la mwisho lilikuwa kweli kabisa na kumbe ndo ugonjwa wenyewe, ntafika huko.

Nikaenda nayo nyumbani Kimara, nikaijaribu sebuleni na uani, maiki moja moja, namba 1 sawa, 2 sawa, 3 sawa, 4 sawa, sauti safi, nikampigia hadi mke wangu asikie. Nikajiona nimelamba dume. Jumamosi yake nikaipeleka kazini, harusi, ukumbi uko Sinza, wageni kama 300. MC namba 1, maharusi namba 2, namba 3 ya wazee na wasimamizi, namba 4 nikaiweka akiba.

Ile MC anawasha ya kwake na bibi harusi anashika ya pili, chaneli ya namba 3 kwenye mikisa ikaanza kunguruma kama mtu anamwaga changarawe kwenye bati. Namba 3 yenyewe imezimwa! Iko mezani kwangu, naiona, taa haiwaki, na chaneli yake inapiga kelele ukumbi mzima. Nikaishusha feda ya chaneli, yani kile kitelezi cha sauti, nikasema tutaivumilia. Ukafika muda wa baba mzazi wa bibi harusi kutoa wosia, mzee kavaa suti yake, kasimama katikati, kaanza vizuri tu, "mwanangu, mimi na mama yako tumeishi miaka thelathini, siri yetu ni moja tu, ni ku..." krrrrrrr. Kimya. Krrrr. Watu wakacheka, mzee akaigonga gonga maiki, akaanza upya, ikakata palepale tena. Hadi leo ukoo mzima haujui hiyo siri ni nini. Nikakimbia na maiki ya waya, waya wa mita 15 unapita katikati ya meza za wageni, shangazi mmoja akajikwaa na sahani ya pilau mkononi, nashukuru Mungu hakuumia. Kamati ikanikata laki mbili kwenye malipo na siwalaumu, ningekuwa mimi ningekata zaidi.

Sasa nilipowaambia mkaanza ushauri. Badilisha betri. Nyanyua antena. Punguza volyumu. Zima simu zilizo karibu. Bosi, naomba nikueleze nilivyoseti halafu useme wapi nimekosea.

Betri niliweka mpya zote nane, alkalaini za volti 1.5, siyo zile za kuchaji ambazo ni 1.2 na maiki zingine zinazinuna, na siyo zile za bei chee za kuwekea rimoti. Risiva sikuiweka chini ya meza nyuma ya ampu kama wengi wanavyofanya, niliipandisha kwenye stendi juu ya usawa wa vichwa vya watu, kwasababu najua mwili wa mtu ni maji matupu na maji yananyonya mawimbi, watu wakisimama kucheza kati ya maiki na risiva umekwisha. Iko mbali na skrini ya LED, maana hizo skrini nazo zina kelele zake. Kutoka kwenye risiva hadi kwa MC hazifiki mita 12, wala siyo hizo 80 zenu. Antena nimezipanua kama herufi V. Sauti nimetoa kwa waya wa XLR chaneli moja moja, siyo lile tundu moja la mchanganyiko, geni, yani nguvu ya sauti inayoingia, nimepima na MC akiongea kwa nguvu zake zote taa nyekundu haiwaki. Skwelchi, yani ule mlango unaofungia makelele yasipite maiki ikiwa imezimwa, nimeikaza mpaka mwisho. Na MC nimemwambia kabisa asishike maiki kule chini kwenye mkia kwasababu antena iko humo, ukiifumbata unaiziba. Yule MC ni mtu mzima anaelewa, siyo hawa wa kufunika kichwa cha maiki kwa kiganja kama wana rap.

Kwahiyo nini kilichobaki? Nikamchukua rafiki yangu, fundi wa Mwenge, ana kimashine cha mkononi cha kupimia masafa, kana kioo kidogo kinakuchorea milima milima kuonyesha nani anaongea kwenye masafa gani. Tukaomba funguo za ule ukumbi siku ya Jumatatu, hakuna mtu, hakuna skrini, hakuna simu za wageni, na risiva yenu tumeizima. Na hapa ndo naomba usome taratibu.

Chini ya kila maiki yenu kuna stika. Namba 1 ni megahezi 770, namba 2 ni 772, namba 3 ni 774, namba 4 ni 776. Hazibadilishiki. Hakuna kitufe cha kuskani, hakuna cha kusinki, hakuna menyu, ndo ile "unawasha unaongea". Fundi alipowasha kimashine chake pale ukumbini, kuanzia chini ya 770 hadi kupita 776 kuna tuta limelala pana juu limenyooka kama meza. Hilo siyo la maiki ya mtu. Hiyo ni 4G, na mnara wenyewe unaonekana kwa macho kupitia dirisha la jikoni la ukumbi. Kimara kwangu mnara wa karibu uko mbali, tulipopima tuta lilikuwa dogo halifui dafu, na mimi nilisimama mita tatu kutoka kwenye risiva, ndo maana nyumbani iliimba vizuri.

Na hili siyo jambo la jana. Hapa Dar matangazo ya TV ya analojia yalizimwa 31 Desemba 2012, si mnakumbuka watu walivyogombania ving'amuzi, basi TV zilipobanwa zikakaa sehemu ndogo, masafa ya juu yakabaki wazi yakapewa simu. Mkutano wa dunia wa masafa kule Geneva mwaka 2015 ulimalizia kupanga kwamba kwa Afrika na Ulaya megahezi 694 hadi 790 waingie simu, na hapa kwetu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikapiga mnada masafa ya 700 mwaka 2018. Mnara wa 4G kwenye masafa hayo unashusha, yani unarusha kwenda kwenye simu, kati ya 758 na 803, chukua namba zenu nne uone zimelala wapi. Wamarekani wenyewe walishapiga marufuku maiki za wayalesi kwenye 700 tangu Juni 2010. Maiki inatoa nguvu ya miliwati kumi, thelathini, imeshikwa na mzee wa watu kwenye umati, inashindana na mnara. Hapo hata angekuja kuseti aliyeitengeneza angekata tamaa.

Bado. Ungesema labda ni ukumbi ule tu, nenda kumbi zingine. Nimeenda. Nilipata kazi ya mahafali Bagamoyo, sehemu ile mnara uko mbali, tuta halipo, na namba 3 ikanguruma vilevile imezimwa. Fundi akacheka akatoa simu akafungua kikokotoo. Maiki mbili zikiwaka pamoja karibu karibu zinazaa masafa mengine yasiyo na mwenyewe, unachukua moja unazidisha mara mbili unatoa ya pili. Mara mbili ya 772 ni 1544, toa 770, inabaki 774. Namba 3! Yani MC na bibi harusi wakishika maiki zao wanaiwasha namba 3 bila kuigusa. Washa 2 na 3, mara mbili ya 774 toa 772 unapata 776, namba 4 hiyo, na ukigeuza hesabu unapata 770, namba 1. Kila upande ukishika panauma. Ndo maana watu wanaojua hawapangi maiki kwa hatua sawa sawa kama ngazi, wanaachanisha kwa vipimo visivyolingana ili watoto wa hizi wasiangukie kwa zile. Hii ni hesabu ya darasa la nne bosi, na kiwanda kilichotoa maiki nne kwenye boksi moja kimeshindwa kuifanya. Mimi nilijaribu maiki moja moja nyumbani, hilo ndo kosa langu pekee nalolikubali, ilitakiwa niwashe zote nne siku ileile.

Na zile antena nne za "haiwezi kukata". Tulizichomoa mbili za pembeni kule Bagamoyo huku mtu anaongea, hakuna kilichobadilika, taa za signo hazikushuka hata moja. Tukazirudisha tukachomoa za katikati, maiki zote nne zikafa. Nyie wenyewe fikirieni. Sijafungua kava maana kuna stika ya waranti, ila nina hamu kweli ya kujua nyuma ya yale matundu mawili kuna nini.

Sasa ninachotaka. Najua ukutani mmebandika "mali ikiuzwa hairudishwi", nimeiona, iko karibu na kalenda. Lakini mimi sijaichoka mali wala sijaipasua, nimeuziwa kitu kama kinachofaa kazi ambayo hakiwezi kuifanya hapa Dar, na Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 inamlinda mteja kwa mambo ya namna hii haijalishi mmebandika nini. Nibadilishieni mnipe seti ambayo masafa yake yanabadilishika na yako chini ya 694, hata kama ni ya maiki mbili tu, na ikizidi bei naongeza juu, sina shida. Kama hamna, nirudishieni laki saba na themanini yangu. Ile laki mbili ya kamati siwadai, hiyo ntaila mwenyewe, ingawa ningekuwa na roho mbaya ningeidai.

Pia naomba mnionyeshe karatasi ya TCRA ya kuidhinisha hicho kifaa, maana kitu chochote kinachorusha mawimbi kinatakiwa kuwa nayo kabla ya kuuzwa, na kijana wenu nilipomuuliza alinionyesha boksi. Boksi lina picha ya mwanadada wa kizungu anaimba, sikuona TCRA.

Nawapa siku 14 kuanzia mtakapopokea barua hii, baada ya hapo naenda Tume ya Ushindani na risiti yangu na video za simu, ya ukumbini na ya Bagamoyo. Sipendi kufika huko kwasababu spika zangu mbili na mikisa nilinunua kwenu na zinapiga kazi hadi leo, na ningependa niendelee kuja.

Na tafadhali mwiteni kijana wa kaunta, siyo kumfokea, naye kauziwa maneno na aliyewaletea mzigo, ila aache kuwaambia watu hawajui kuseti. Wiki iliyopita tu nimekutana na mwenzangu wa Tabata ana seti hiyohiyo, ameshabadilisha betri mara tano, amenunua waya mpya, sasa hivi anataka kubadilisha mikisa. Mikisa nzima!

Ntakuja Jumanne asubuhi mapema kabla Kariakoo haijajaa. Seti naileta kwenye boksi lake na vikaratasi vyake vyote, betri mpya zimo ndani msije mkasema betri. Tutaiunganisha kwenye spika yenu yoyote pale dukani. Nyie washeni namba 1 na namba 2 tu, namba 3 muiache kaunta, imezimwa, halafu msikilize.

Wenu mteja,
Fundi muziki wa shughuli, Kimara.