Kikao kimesogezwa: ni Jumamosi, saa 10 jioni

Hamjambo wapendwa wa Likoni. Tutakutana palepale, barazani kwa mzee wa mtaa.

Jirani yetu alipolemewa na mawazo usiku ule, hakuna aliyejua amwite nani hadi kulipokucha. Mimi bado linaniuma. Kwa hiyo:

1. Nahitaji watu 6 wa zamu ya usiku, wawili wawili. Kazi ni kwenda kwa aliyelemewa, kuketi naye, kumsikiliza bila kumhubiria, na kutomwacha peke yake. Akiwa amekunywa sumu au amejijeruhi, ni hospitali moja kwa moja.
2. Hifadhini 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu.
3. Mchango ni sh 200 za nauli ya bodaboda, kwa mweka hazina kabla ya Ijumaa. Asiyenazo aje tu.

Kuna familia zinaficha watu wao kwa kuogopa polisi. Waelezeni kuwa Januari 2025 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai.

Tafadhali jibu hapa kufikia Alhamisi usiku: "Nipo" au "Sipo", na usiku unaouweza.

Asanteni sana.