Barua ya Wazi kwa Gavana wa Benki Kuu: Deni Liiachie Familia ya Mashambani Pesa ya Unga

Kwa Gavana,
Benki Kuu ya Kenya,
Barabara ya Haile Selassie,
Nairobi.

Mheshimiwa Gavana,

MINT: MAKATO YA MIKOPO MIDOGO NA MAISHA YA FAMILIA ZA MASHAMBANI

Nakuandikia kwa niaba yangu na ya wanachama wa chama chetu cha akiba hapa Kawangware, ambao wengi wao ni walinzi, mafundi wa ujenzi, kina mama wanaofua nguo za watu na vibarua wa Eneo la Viwandani. Karibu sote tuna familia magharibi mwa Kenya, ambako mke, mume au mama mzazi analea watoto shambani huku mwenzake akitafuta riziki mjini. Katika mikutano yetu ya Jumapili hakuna jambo linalorudi mara kwa mara kama madeni ya nyumbani, nayo si madeni makubwa ya kununua gari au ploti, bali ni ya shilingi mia tano, elfu moja au elfu tatu, yaliyokopwa kwa simu, dukani, kikundini na kwa jirani, yakapandana hadi mama wa nyumba hajui tena alipe lipi kwanza. Nimeona niyalete kwako hadharani kwa sababu Benki Kuu ndiyo yenye mamlaka ya kuyawekea mipaka, na kwa sababu naamini kwamba sehemu kubwa ya dhiki hii inaweza kupunguzwa bila kumnyima mtu mkopo wala kumzuia mkopeshaji kurudishiwa chake.

Ni haki nianze kwa kutambua yaliyokwisha kufanywa. Kabla ya marekebisho ya Sheria ya Benki Kuu yaliyotiwa sahihi Desemba 2021, mtu yeyote aliyeweza kutengeneza programu ya simu aliweza kuwakopesha Wakenya kwa masharti aliyojitungia. Kanuni za Machi 2022 ziliwalazimu wakopeshaji hao kuomba leseni, na hadi Septemba mwaka huo maombi 288 yalikuwa yamewasilishwa, lakini waliopewa leseni mwanzoni walikuwa 10 tu, ishara kwamba ofisi yako haikukusudia kupiga muhuri kila karatasi iliyoletwa mezani. Kisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Biashara ya mwaka 2024 ikapanua mamlaka hayo yawafikie wakopeshaji wengine wasiopokea amana, yaani wanaokopesha bila kuweka akiba za wateja. Kwa hiyo siombi sheria mpya itungwe kutoka mwanzo. Naomba mamlaka ambayo Benki Kuu inayo sasa yatumike kulinda jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, limesahauliwa: kwamba deni lolote, hata likiwa halali, liiachie familia kitu cha kula hadi mavuno.

Naomba nieleze kwa mfano mmoja unaojulikana vizuri na kila mwanachama wetu. Mke wa mwenzetu mmoja, anayeishi na watoto wanne katika Kaunti ya Kakamega, aliuguliwa na kitindamimba usiku. Asubuhi alilipa dawa na boda boda kwa huduma ile ya simu inayomruhusu mtu kulipa hata kama salio lake halitoshi, na ambayo hutoza ada ya kila siku mpaka deni liishe. Ijumaa iliyofuata mumewe alimtumia shilingi 2,500 za chakula cha wiki. Mama huyo alikuwa tayari sokoni, amebeba gunia dogo mkononi, akiulizia bei ya gorogoro ya mahindi, ujumbe wa kupokea pesa ulipoingia. Alipokuwa bado anamshukuru Mungu, ujumbe wa pili ukaingia kumweleza kwamba deni lake na ada zake zimekatwa, na kilichobaki ni shilingi 540. Alinunua mahindi ya kutosha siku chache, akapita kwenye duka la jirani akachukua sukari na mafuta ya kupikia kwa daftari, na kabla ya wiki kwisha akakopa tena kwa simu ileile. Mumewe hakuambiwa lolote hadi mwisho wa mwezi, kwa sababu mama aliona aibu, na walipozungumza hatimaye walizungumza kwa ukali ambao hawakuwa nao hapo awali.

Hakuna aliyevunja sheria katika kisa hicho. Mkopeshaji alichukua kilicho chake, na mama hakukataa kulipa. Lakini pesa zile hazikuwa mapato yake. Zilikuwa chakula cha watoto kilichopitia kwenye simu yake, na mfumo haukuweza kutofautisha shilingi ya unga na shilingi ya faida ya biashara. Mkopo unaojilipa wenyewe mara tu pesa inapoingia ni mkopo usiomwachia mkopaji nafasi ya kupanga, na mtu aliyenyimwa nafasi ya kupanga hulazimika kukopa upya. Ninaamini hapa ndipo mzunguko wa madeni unapozaliwa, zaidi ya pale panaposemwa kila siku, yaani ulaji wa anasa na kamari. Kamari ipo na inaumiza watu, sikatai, ila kina mama ninaowazungumzia hawachezi kamari.

Mheshimiwa Gavana, sheria ya nchi hii inalijua tatizo hili na imekwisha kulitibu kwa watu wengine. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinasema makato yote kwenye mshahara wa mfanyakazi yasizidi theluthi mbili, ili mwajiriwa, awe na mikopo mingapi, arudi nyumbani angalau na theluthi moja ya mshahara wake. Mwalimu na karani wa kaunti wanalindwa na kanuni hiyo. Mkulima wa robo ekari, ambaye mshahara wake ni kile anachotumiwa na mtoto au mwenzi aliye Nairobi, halindwi na lolote. Ombi letu la kwanza, nalo ndilo kubwa kuliko mengine yote, ni kwamba Benki Kuu iwaelekeze wote wanaokopesha kupitia pochi za simu wasikate pesa inayoingia kutoka kwa mtu mwingine kupita sehemu fulani iliyowekwa wazi. Sisi tungependekeza nusu, kwa kuwa kiasi chenyewe huwa kidogo tangu mwanzo. Deni litabaki pale pale na litalipwa kwa awamu mbili au tatu badala ya moja, na ada ya kila siku isimamishwe kwa muda ambao mkopaji anaendelea kulipa kwa utaratibu huo.

La pili ni muda. Mapato ya mashambani hayaji kila mwisho wa mwezi. Kwetu mahindi hupandwa mvua ya masika inapoanza mwezi wa Machi na huvunwa kuanzia Julai na Agosti. Kwa wenye majani chai, malipo ya mwezi ni kidogo na tegemeo ni bonasi ya Oktoba. Na mwenye miwa husubiri kiwanda kimlipe, na kusubiri huko hakuna kalenda. Matumizi kwa upande wake hayangoji. Januari ni karo na sare, Machi ni mbegu na mbolea, Mei na Juni ghala ni tupu na unga hununuliwa. Shule ya upili ya kitaifa yenye bweni imekuwa ikitoza hadi shilingi 53,554 kwa mwaka, na shule nyingine nyingi za bweni hadi shilingi 40,535, fedha ambazo mzazi hutakiwa kuzilipa kwa mihula mitatu ambayo haikupangwa kwa kuangalia mvua.

Sasa chukua mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku, ambao serikali iliushusha bei hadi shilingi 2,500 mwaka 2023. Mama akikopa pesa hizo mwezi wa Machi kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, kiwango ambacho wengi wetu tunakijua vizuri, atadaiwa shilingi 187.50 za ziada mwisho wa mwezi wa kwanza, wakati mahindi bado hayajafika magotini. Hana cha kulipa, kwa hiyo atakopa kwingine ili alipe hapa, na akifanya hivyo hadi Agosti kwa kiwango hichohicho atakuwa amelipa takriban shilingi 1,089 juu ya zile 2,500, hata kama hakuna faini yoyote ya kuchelewa iliyoongezwa. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na hapo harusi yenyewe ilikuwa mfuko wa mbolea.

Mtu anaweza kudhani kwamba dawa ni kushusha riba peke yake. Nimelifikiria hilo, na sikubaliani nalo kikamilifu. Nchi hii iliweka kikomo cha riba za benki mwaka 2016, benki zikaanza kuwakwepa wakopaji wadogo, na kikomo hicho kikaondolewa Novemba 2019. Sitaki kuona jamaa zetu wakirudishwa kwa shailoki wa soko anayeshika kitambulisho cha mtu kama dhamana. Tena, Hazina ya Hustler, mfuko wa mikopo wa serikali uliozinduliwa Novemba 2022, ilikuja na riba ya asilimia 8 kwa mwaka, nafuu kuliko karibu kila mkopo mwingine unaopatikana kwa simu, lakini mkopo wake wa kibinafsi ulitakiwa kulipwa kwa siku 14. Hakuna zao ninalolijua kijijini kwetu linalopandwa, kupaliliwa na kuuzwa kwa siku 14, hata sukuma wiki. Bei nafuu yenye muda mfupi haimfai mkulima. Tunaomba kila mkopeshaji mwenye leseni anayekopesha mashambani atakiwe kuwa na angalau mkopo mmoja unaolipwa baada ya mavuno, na gharama yake yote ijulikane tangu siku ya kwanza na isiongezeke. Kiwango cha riba ya msingi cha Benki Kuu kilipanda hadi asilimia 13 mwezi wa Februari 2024 na kuanzia Agosti mwaka huo kikaanza kushushwa hatua kwa hatua. Nakuhakikishia kwamba katika daftari la madeni la nyumbani kwetu mtu hawezi kuiona tofauti hiyo.

Siwezi kumaliza bila kutaja vikundi vya kina mama vinavyokopeshwa na mashirika na kulipa kila wiki. Vikundi hivi vimesomesha watoto wengi na sitaki vifungwe. Hata hivyo, mmoja akishindwa kulipa, wenzake hulazimika kumlipia siku hiyohiyo, na afisa wa mikopo huketi pale hadi hesabu itimie. Ndipo wanawake ambao jana walikuwa wakisaidiana kupalilia hufika kwa mwenzao na kubeba kuku, sufuria, godoro na viti, mbele ya watoto. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai inakataza vyombo vya kupikia na matandiko ya lazima kuchukuliwa hata kwa amri ya mahakama. Inakuwaje basi vichukuliwe pasipo mahakama, pasipo hati yoyote, na vikauzwe kwa bei ya kutupa? Sasa kwa kuwa wakopeshaji wasiopokea amana wako chini ya usimamizi wako, tunaomba mkopeshaji yeyote anayekusanyiwa madeni yake kwa njia hii apoteze leseni yake, hata kama mikono iliyobeba sufuria ilikuwa ya majirani.

Kuna mengine ambayo nitayataja kwa ufupi. Kanuni za 2022 zinakataza kumtusi mkopaji au kuwapigia simu watu walio kwenye orodha ya namba za simu yake, lakini simu hizo bado zinatufikia kazini kutoka kwa watu wasiojitambulisha. Masharti ya mikopo mingi bado yameandikwa kwa Kiingereza kirefu, ilhali Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Tunaomba ujumbe mmoja mfupi wa Kiswahili kabla ya mtu kubonyeza kukubali, unaosema atapokea shilingi ngapi, atalipa shilingi ngapi, na lini. Na mahali pa kulalamikia pawe karibu. Matawi yako yako Mombasa, Kisumu na Eldoret, lakini Vituo vya Huduma viko katika kaunti zote 47, na meza moja katika kila kituo ingetosha kuanzia.

Uchunguzi wa FinAccess wa mwaka 2024 kuhusu jinsi Wakenya wanavyotumia huduma za fedha, ambao Benki Kuu yenyewe ilishiriki kuufanya, ulionyesha kwamba asilimia 84.8 ya watu wazima wanafikiwa na huduma rasmi za fedha, lakini wenye afya njema ya kifedha ni asilimia 18.3 tu. Kati ya namba hizo mbili ndipo wanapoishi wake zetu, mama zetu na watoto wetu. Huduma zimewafikia; kinachotakiwa sasa ni kuzifanya zisiwanyang'anye kile tunachowatumia.

Wanachama wetu wako tayari kuleta nakala za ujumbe wa makato na madaftari ya kikundi, majina yakiwa yamefichwa, mbele ya maafisa wako siku yoyote utakayotupangia. Tungeomba jibu kabla ya mwezi wa Machi, kwa sababu wakati huo watu wetu watakuwa wanatafuta tena pesa za mbegu na mbolea, na watakaokopa watakopa kwa masharti yatakayokuwapo siku hiyo.

Wako mwaminifu,

Katibu wa chama cha akiba,
Kawangware, Nairobi.