Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Daftari la Vyanzo vya Bidhaa

Ndugu wanachama,

Habari za mapato na matumizi mtazipata kwa mhazini, na mafunzo ya mafundi vijana yamo kwenye makabrasha mliyogawiwa mlangoni. Mimi naomba muda wenu kwa jambo moja lililoishughulisha kamati karibu mwaka mzima: bidhaa tunazouza zinatengenezwa wapi hasa.

Wakongwe wa biashara ya kompyuta mnaukumbuka mwisho wa mwaka 2011. Nilimwandikia mteja profoma, yaani hati ya bei kabla ya mauzo, ya diski kuu ya kuhifadhia data. Aliporudi na hundi, bei kwa msambazaji ilikuwa imepanda karibu mara mbili. Aliondoka akiamini nimemgeuka, na iliniuma sana. Mwezi Oktoba huko Thailand, mafuriko yalikuwa yamebomoa matuta ya kuzuia maji kwenye maeneo ya viwanda ya Ayutthaya, na kiwanda cha Bang Pa-in cha Western Digital, kampuni ya diski, kikajaa maji. Wapiga mbizi walizama kuokoa mitambo. Uzalishaji ulianza kurejea mwishoni mwa Novemba.

Tulidhani tutakimbilia Seagate, mshindani wake, maana viwanda vyake havikuingia maji. Navyo vilipungukiwa vipuri. Mota za kuzungushia diski zilitoka kwa wingi kwa kampuni ya Nidec, na baadhi ya viwanda vyake nchini humo vilifurika. Majina mawili yaliyokuwa yakishindana dukani yalikuwa yakinywa kisima kimoja. Mwaka haujaisha, Western Digital na Seagate zote mbili zikatangaza kufupisha waranti za baadhi ya diski zao, na kazi ya kuwaeleza wateja ikabaki kwetu.

Machi ya mwaka huohuo, tetemeko na tsunami vya Japani vilisimamisha kiwanda cha kampuni ya kemikali ya Merck cha Onahama, mkoani Fukushima. Wakati huo ndicho pekee duniani kilichotengeneza Xirallic, unga unaoipa rangi ya gari mmetemeto. Ford ikawaambia wauzaji wake wasiagize magari ya rangi fulani nyeusi. Gari zima, injini na kila kitu, likakwama kwa unga!

Ndiyo maana kamati iliomba kila mwanachama alete ankara zake. Wengi tunanunua kwa wasambazaji wawili au watatu na tukajihesabu salama. Siku tulipozipanga diski mezani, tukazigeuza na kusoma lebo zenye maandishi madogo, tulikuta kampuni tofauti, bei tofauti, na chini kabisa nchi ileile: Thailand.

Tulipendekeza stoo ya pamoja. Baadhi yenu mlipinga kwamba fedha italala na mali itachakaa rafuni. Hoja hiyo ni ya haki, na kamati imepunguza pendekezo: tuweke diski na pawasapulai (kifaa cha kuipa kompyuta umeme) tu, na kila mwezi zilizotangulia kuingia ziuzwe kwanza kwa wanachama kwa bei ya kununulia. Pia kila profoma ionyeshe mwisho wa siku za bei hiyo. Mambo haya mawili yatapigiwa kura leo mchana.

Orodha za vyanzo bado hazijakamilika. Ambao hamjaleta, mkabidhini katibu kabla ya kura, pamoja na picha ya lebo ya kila bidhaa. Ankara inamtaja aliyetuuzia. Haisemi kitu kilitengenezwa wapi.