Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaojiandaa Kuwatembelea Ndugu Ughaibuni

Wanangu,

Nawaandikia kuhusu jambo ambalo husahaulika mtu anapohangaikia pasipoti na tiketi, nalo ni muda wa mwenyeji. Nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza ya pamoja, humruhusu mgeni kukaa siku 90 katika kipindi chochote cha siku 180, na Uingereza kwa kawaida hutoa hadi miezi 6. Hiyo ni ruhusa ya serikali. Dada yenu anayefanya kazi zamu za usiku na kulea watoto wa shule hakuulizwa ilipotolewa, kwa hiyo muulizeni ninyi, na mfanye hivyo kabla ya kukata tiketi.

Siku za kazi yake, tembeeni mjini wenyewe. Mwombeni awaelekeze njia moja tu, ya kutoka nyumbani hadi kituoni na kurudi, kisha andikeni anwani yake kwenye karatasi, maana simu huzimika. Mjini hamtakosa la kufanya. Jijini London, majumba ya makumbusho ya British Museum na National Gallery hayatozi kiingilio kwa maonyesho yao ya kudumu, hivyo mnaweza kuangalia chumba kimoja kwa utulivu na kurudi siku nyingine. Jijini Paris, kumbukeni kwamba jumba la makumbusho la Louvre hufungwa Jumanne. (Sijaelewa bado kwa nini mtu avuke bahari ili ajipige picha mlangoni, kisha aondoke bila kuingia.)

Mashambani, hata hivyo, msiende bila yeye. Ndugu anayeishi mbali huwa na mengi ambayo hayasemeki kwenye simu, hasa anapojua kwamba nyumba nzima inasikiliza, na mara nyingi huyatoa akiwa anatembea polepole kando ya uwanda mpana, bila mtu kumtazama usoni. Basi msimharakishe, wala msimhoji. Pangeni matembezi hayo katika siku yake ya mapumziko, si siku zenu za kwanza ambapo miili yenu bado inafuata saa za nyumbani, na mwondoke mapema: mwezi wa Desemba mchana wa London huwa na urefu wa takriban masaa 8 tu, na vijijini mabasi ya Jumapili huwa machache au hayapo kabisa. Nchini Uingereza kuna njia za umma zinazopita katikati ya mashamba ya watu. Mna haki ya kuzipita, mradi msitoke njiani na mliache kila lango kama mlivyolikuta, liwe wazi au limefungwa. Gari lake msiliendeshe kabla hajathibitisha kwamba bima yake inawahusu, kwani leseni halali pekee haitoshi.

Mpigieni simu wiki hii, mjue siku zake za mapumziko ni zipi. Katika kupanga, zitengeeni kwanza safari za mashambani siku hizo, kisha siku zitakazobaki zipangieni mji.

Wasalaam,
Mzee wenu